Waya wa Nne

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo. Sisi huku tunaendelea. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anakwenda sokoni na kurudi na maneno mengi kuliko mboga. Anasema kaka yake amenyamaza mno tangu aache kusikia. Nikamwambia asiyesikia hajakatazwa kuandika, basi naanza mimi.

Nimepata kazi, mjomba. Huu ni mwezi wa tatu niko chuoni, fundi wa mtandao. Nina funguo nyingi kiunoni hadi wanafunzi wananiita Mama Kengele, na mimi hata mtoto sina.

Kilichonifanya nishike kalamu ni bweni la wasichana. Kila chumba kina tundu ukutani. Mwanafunzi anachomeka waya, kompyuta yake inapata mtandao. Nyaya zote za vyumbani zinakutana kwenye kisanduku kimoja ndani ya kabati la chuma chini ya ngazi. Kutoka hapo waya mmoja mnene unapita chini ya ua hadi maktaba, ndiko mtandao unakotoka. Sasa bweni zima lilikatika. Nikafanya nilivyofundishwa: nikabadilisha waya wa mmoja aliyelalamika, nikajaribu tundu la jirani yake, nikapima nyaya za ukutani moja moja, nikakata vichwa vyake na kufunga vipya. Vyote vizima. Kilichokufa ni kisanduku. Nikaweka kipya, kikaishi siku kumi na moja. Cha tatu kikaishi siku nne.

Jana nilipofungua kabati, vidole viliwasha kama nimeshika upupu. Nikarudisha mkono. Nikagusa tena kwa nyuma ya mkono, yale yale. Mkuu wa kitengo chetu alicheka, akasema nivae viatu vya soli nene. Mimi sikucheka. Najua hupendi kuulizwa mambo ya umeme, lakini wewe ulipanda nguzo miaka ishirini. Nyaya zangu ni za mtandao tu, hazitakiwi kumuuma mtu. Hii ni nini?

Mpwa wako


23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ililala posta siku tisa, maana sanduku nalifungua mara moja kwa wiki na wiki iliyopita mvua ilinifungia ndani. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako ameanza tena kushona, na mimi bado natengeneza viti. Kiti hakina haja ya kuniita. Mwambie dada yangu akande goti kwa kitambaa cha moto, na apunguze maneno njiani.

Usiguse hilo kabati. Si kwa vidole, si kwa nyuma ya mkono. Viatu vya soli nene avae yeye mkuu wako akienda matembezini.

Nataka unijibu. Taa za bwenini zinafanya nini mtu akiwasha pasi? Zinafifia, au kuna zinazozidi kuwaka? Wasichana wanalalamika nini wakioga? Usiwaulize juu ya umeme, waulize juu ya maji. Huo waya mnene unaokwenda maktaba, una ganda la bati ndani ya mpira wake? Na upande wa maktaba, weka kiganja juu ya mpira, mahali ambapo haujachubuka, uone kama una joto. Baada ya hapo kaa mbali nao.

Usipige simu hapa kuuliza mambo haya. Simu anapokea mkaza mjomba wako, na neno umeme halitamkwi ndani ya nyumba hii. Unajua kaka yake alikufaje, na unajua siku hiyo hiyo ndiyo niliyopoteza masikio. Zaidi ya hapo usiniulize. Andika.

Mjomba wako


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Mama yuko salama, kitambaa cha moto kimemsaidia, maneno hayajapungua. Mwandiko wangu umepinda kwa sababu nimejiunguza ncha za vidole viwili na pasi. Si kitu.

Niliuliza kama ulivyosema. Mama Bweni, yule mwangalizi wa wasichana, alinikusanyia watu watano jikoni. Mmoja mwenye vishimo mashavuni, wanamwita Kidoti, akasema, "Dada, bomba la ghorofa ya pili linauma." Wenzake wakamcheka. Akasema, "Chekeni tu. Asubuhi pasi zikiwa zimewashwa linauma, jioni haliumi." Nikauliza kuhusu taa. Chini wakiwasha pasi, taa za juu zinazidi kung'aa, na mbili zimepasuka mwezi huu. Waya mnene una ganda la bati, ndiyo. Na una joto, mjomba. Niliushika kule maktaba ukawa kama shingo ya mtu mwenye homa. Tangu siku hiyo nikiona waya wowote sakafuni nauruka.

Nilimweleza mkuu. Akaleta fundi umeme, akatazama mita dakika tano, akasema iko sawa. Kulikuwa na karatasi ya kawaida ya kumaliza kazi, mambo ya ofisini tu.

Ila usiwe na wasiwasi, nimepata dawa. Jumatatu niliuchomoa ule waya mnene kule maktaba na kuuacha unaning'inia. Kisanduku kipya kina siku nne na kiko baridi kabisa, kabati haliniwashi tena sana. Wasichana wanakwenda kusoma maktaba mpaka tupate mtambo wa kurusha mtandao hewani. Mimi nalala sasa.

Mpwa wako


19 Aprili, ndani ya basi

Mpwa wangu,

Nimeipata barua yako leo saa moja asubuhi na saa mbili nikapanda basi. Nimemwomba mwenye duka akupigie, simu inaita mpaka inakata. Mkaza mjomba wako nimemwambia nakwenda kununua mbao. Nikifika langoni nitampa mlinzi karatasi hii, maana mimi simsikii na yeye ataniona kichaa.

Soma taratibu. Umeme unaingia bwenini kwa nyaya tatu na kurudi kwa waya wa nne. Huo wa nne umekatika au umeoza. Umeme ukikosa njia ya kurudi unatafuta nyingine, na njia ulikuwa umeipata: ganda la bati la waya wako wa mtandao, chini ya ua, mpaka maktaba. Ndiyo maana visanduku vilikufa. Ndiyo maana waya ulikuwa na homa. Wewe umeuchomoa. Umeifunga njia, mwanangu. Sasa umebakiwa na mabomba ya maji, na mtu aliyeshika bomba.

Usiurudishe waya kwa mkono. Hiyo si pasi iliyokuunguza, pasi haichagui ncha za vidole viwili. Watoe wasichana bafuni. Zima bweni zima kwenye swichi kuu. Usimwombe mtu ruhusa.

Niko langoni.


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Umeondoka bila kuaga. Nilitoka hospitali kukutafuta, mlinzi akaniambia yule mzee asiyesikia amepanda basi la saa nane. Hata maji hukunywa. Mama alinisema siku nzima, kaka yake amefika mjini kwetu akarudi bila kuonana naye.

Ngoja nikuandikie yote, kwa sababu wewe uliyaona lakini hukuyasikia.

Simu niliiacha kwenye droo. Nilikuwa namwogopa mkuu asinipigie, na sababu nitakuambia. Karani aliyetumwa na mlinzi aliponiletea karatasi yako nilisoma mpaka "umeifunga njia" nikakimbia bila kuimaliza. Nilipofika langoni mlinzi alikuwa amekukalisha kwenye kiti chake kama mgonjwa. Nilitaka kukushika mkono ukanivuta twende.

Pale kwenye bomba la nje, ulipodhani nimeshazima, ukatoa balbu yako yenye nyaya mbili kupima na kuchomeka msumari kwenye udongo wenye maji, mkuu alikuwa ameshafika. Alisema, "Huyu mzee ni nani, na nani kamruhusu?" Mama Bweni akasema, "Mwache amalize." Ukagusisha waya mmoja kwenye msumari na wa pili kwenye bomba. Balbu ikawaka. Ilikuwa saa tano, jua limesimama, na bado tuliiona ikiwaka kwa umeme unaotoka kwenye bomba la maji. Mama Bweni alishika mdomo. Mkuu akasema, "Hiyo itakuwa na betri ndani."

Ndipo ukatokea ukelele ghorofa ya pili. Wewe hukuusikia. Ulituona nyuso. Ulinitazama mimi, ukamtazama Mama Bweni, ukatupa balbu na kukimbia chini ya ngazi, na umri wako huo. Mimi nilisimama. Nikuambie kweli, mjomba, sikuweza kusogea. Nilisikia "Kidoti! Kidoti ameganda!" na nilichokiona kichwani ni mkono wangu mwenyewe ukichomoa waya kule maktaba.

Kisha mapangaboi yote yakanyamaza, ulikuwa umeishusha swichi kuu. Kwenye ukimya huo nikakusikia unapiga kelele kwa sauti ya mtu asiyejisikia: "Mrefu, shuka! Nimezima! Shuka!"

Mama Bweni ndiye aliyemfikia Kidoti. Alimkandamiza kifua akihesabu kwa sauti, akipoteza hesabu, akianza upya, mpaka yule msichana akakohoa. Amelazwa siku kumi. Yu hai. Vidole viwili vya mkono wa kulia havisikii kitu, na akiona bomba linadondosha maji anageuza uso. Mafundi wa umeme walichimba kesho yake wakaukuta waya wa nne kwenye kiungio umekuwa unga wa kijani. Fundi mmoja aliuvunja kwa kucha.

Sasa sababu ya droo. Ile karatasi niliyokuambia ya kawaida iliandikwa: "Nimekagua mtandao wa bweni, hitilafu imerekebishwa, hakuna hatari kwa watumiaji." Chini yake kuna sahihi yangu. Mkuu aliniwekea mezani akasema nikikataa atatafuta fundi mwingine anayejua kazi. Nilikuwa nimeshaungua vidole siku hiyo hiyo, na si kwa pasi, mjomba. Nilisaini na bandeji mkononi. Kamati ya uchunguzi inakutana mwezi ujao. Mkuu ananiambia karatasi iko kwake, tukinyamaza wote haitaonekana. Sili vizuri. Mlango ukigongwa nachungulia dirishani kwanza.

Na huyo Mrefu ni marehemu shemeji yako, sivyo? Kwa nini ulimwambia ashuke?

Mpwa wako


28 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikuaga kwa sababu bado nilikuwa natazama juu ya kila nguzo na sikutaka dada yangu anione hivyo. Msalimu, mwombe radhi.

Umeniuliza, nami nimeshachoka kukataa.

Siku ile tulikuwa tunabadilisha nyaya nyuma ya ghala. Mrefu alikuwa juu ya nguzo, mimi niko kwenye swichi upande wa mbele. Paa la ghala limetukinga, hatuonani. Msimamizi akaniletea karatasi: kazi imekwisha, watu wote wameshuka. Ina sahihi. Nikaisoma. Kisha nikasikia Mrefu anaita kutoka nyuma ya ghala. Neno sikulikamata. Nilikuwa na masikio mazima kama yako. Ningetembea hatua thelathini ningemwona. Nikasema moyoni, anasema tayari. Nikawasha.

Mlipuko ulipotokea ndio ukawa mwisho wa masikio yangu. Kwa hiyo sauti ya mwisho niliyoisikia duniani ni ya Mrefu, na mpaka leo sijui alisema nini.

Watu walinikuta nimelala, damu masikioni. Wakanihurumia. Wakasema umeme umejirudisha wenyewe, wawili wamepigwa, mmoja kapona. Msimamizi hakunikanusha, kwa faida yake. Na mimi sikujikanusha. Mke wangu alinilisha kwa kijiko miezi miwili huku anamlilia kaka yake. Ungemwambia saa ngapi? Kila siku niliona jana ndiyo ingefaa. Ikawa miaka kumi na miwili.

Niliporudi kutoka kwenu alikuwa ananingoja na daftari tunaloandikiana. Ameandika: "Mbao ziko wapi?" Swali hilo nilikaa nalo moyoni wiki mbili kabla ya kuthubutu, kisha nikaandika kurasa nne. Alizisoma amesimama. Akafunika cherehani, akafunga mfuko wake, akatoka. Hajaandika neno. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwezi, tarehe tano. Nimetuma watu kwa dada yake, hajafika. Kwa binamu yake, hajafika. Kila ninapoona kundi la watu barabarani wamesimama nadhani wameokota mtu. Sisikii mlango, kwa hiyo nimeuacha wazi mchana kutwa na nimegeuza kiti changu kuutazama.

Kuhusu kamati yako sina la kukufundisha. Ila sema kabla hujazoea kutosema. Mimi nilizoea.

Mjomba wako


15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Anza kwa kupumua. Mkaza mjomba yuko kwangu.

Nisamehe. Alifika tarehe sita mwezi wa tano, jioni, na mfuko wake, akaniambia, "Ukimwandikia niko hapa, nakwenda mahali ambapo hata wewe hutanijua." Barua yako ilipokuja niliisoma chooni nikalia kwa ajili yako, nikaogopa kukujibu, nikaogopa kutokukujibu. Kila siku namtazama akipika nikijiuliza kama leo ndiyo atafunga mfuko. Jana nilishindwa. Nikampa barua yako aisome. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Mlango kauacha wazi?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Akaingia chumbani.

Kamati ilikaa Jumanne. Niliwekwa mwisho wa meza ndefu, watu saba, mkuu wangu kando yangu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyejua hatari kabla ya ajali. Mkuu akasema hakuna taarifa yoyote iliyofika ofisini. Kisha akanitazama, polepole, kama mtu anayefunga mlango. Nikasema, "Nilijua mimi. Nilimwambia yeye. Kisha nikasaini karatasi kwamba hakuna hatari, na karatasi hiyo iko kwenye kabati lake. Na waya niliuchomoa mimi." Mwenyekiti aliuliza kama naelewa maana ya ninachosema. Nikasema naelewa.

Karatasi imepatikana. Mkuu amesimamishwa. Mimi pia nimesimamishwa, mpaka waamue, na huenda nikafikishwa mbele zaidi ya hapo; sijui, na usiku—la, hata mchana, naogopa. Nilikwenda kwa Kidoti nikamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuambia linauma." Basi. Nimerudi kwake mara mbili tangu siku hiyo. Mara ya pili aliniruhusu nimbebee vitabu.

Mama anakusalimu. Goti limerudi kusumbua.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, lakini mkaza mjomba ametoka chumbani, amesimama nyuma ya kiti changu na anasema niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisiongeze chumvi. Anasema:

"Mwambie sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Mwambie kaka yangu alikuwa na sauti nzito, hata sisi nyumbani tulikuwa hatumwelewi akiita kwa mbali. Mwambie nakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, basi la asubuhi, aje kituoni. Nina mengi ya kumwambia na nitayasema kwa mdomo wangu. Najua hasikii. Nataka anitazame."

Mpwa wako